Mgeni Njoo, Msimbo Upone

Mwongozo kwa wasimamizi wa miradi ya programu huria wanaotafuta wachangiaji wapya

Mchukue kijana wa Merigi, wadi iliyo Bomet Mashariki, kwenye ukanda wa majani chai. Ana stashahada ya kompyuta na laptopu ya mtumba, na intaneti anaipata kwa simu. Asubuhi yuko shambani anachuma chai. Jioni anabakiwa na saa mbili za kujifunza na bando la kuhesabu. Ameusikia mradi wako, akaufungua. Atakuwa amefika wapi kabla stima haijapotea?

Mwongozo huu wote unaanzia kwenye swali hilo. Karibu kila mradi huria huandika mahali fulani kwamba wote wanakaribishwa, na leseni yake humruhusu yeyote kusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza. Ruhusa peke yake haimfikishi mtu popote. Kabla ya kubadilisha mstari mmoja, mgeni hulipa kwa megabaiti, kwa saa za kusakinisha, kwa siku za kungoja jibu na kwa aibu ya kuuliza. Gharama usiyoibeba wewe msimamizi ataibeba yeye, na mwenye kidogo ndiye atakayekata tamaa kwanza.

Nawe utakosa mengi akiondoka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuseme mradi wako ni programu ya kusajili wagonjwa, na walioiandika hawajapata kumjua mtu anayeitwa Ng'eno. Wameweka kanuni kwamba jina ni herufi tupu, hivyo ritifaa inakataliwa. Hitilafu hiyo inaweza kukaa miaka bila wao kuiona. Kijana wa Merigi ataiona siku ya kwanza, maana amesoma darasa moja na akina Ng'eno na Ng'etich.

Mfano wa wagonjwa sikuuokota mbali. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Indiana, Marekani. Wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi walipozidi kuongezeka, mfumo ule haukutosha. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief Institute wakaanza kubuni mwingine, ambao ndio OpenMRS, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Leo ni mradi huria unaotumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, iliyojengwa juu yake, iko katika vituo vingi vya afya nchini Kenya. Nitautaja mara kadhaa, kwa sababu umejaribu mengi ya yaliyomo humu.

1. Pima njia kabla ya kumwita mtu

Tafuta mashine kuukuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Iunganishe na intaneti ya simu, si ya ofisini. Kisha fuata maelezo yako mwenyewe neno kwa neno, kama vile hujui chochote. Andika mambo matatu: umetumia megabaiti ngapi, imechukua muda gani mpaka programu ikawaka, na ni mara ngapi ulilazimika kufanya jambo ambalo maelezo hayakulitaja.

Wasimamizi wengi hushtuka hapa. Vifurushi vya Docker peke yake vinaweza kufika gigabaiti kadhaa. Ongeza maktaba za JavaScript, na bando la wiki limekwisha kabla mtu hajaona ukurasa wa kwanza. Yapo mambo ya kupunguza mzigo huo.

Kwanza, waelekeze wageni wapakue toleo la karibuni tu badala ya historia nzima ya msimbo. Amri ya git clone ikiongezewa --depth 1 hufanya hivyo, na kwa mradi wa miaka mingi tofauti yake ni kubwa. Wengi hawaijui kwa sababu hakuna aliyewaandikia.

Pili, tenganisha sehemu za kazi. Katika OpenMRS toleo la 3, mtu anayeshughulikia kurasa zinazoonekana huendesha kipande chake tu kwenye laptopu yake, huku data ikitoka kwenye seva ya majaribio ambayo mradi umeiweka mtandaoni. Halazimiki kusakinisha hifadhidata wala Java. Mradi wako ukiwa na sehemu ya mbele na ya nyuma, seva moja ya namna hiyo inaweza kuwapunguzia wageni wote siku nzima ya kuhangaika.

Tatu, weka wazi kazi ambazo hazihitaji kusakinisha kitu. Kosa la tahajia kwenye maelezo linaweza kurekebishwa moja kwa moja kwenye kivinjari, hata kwa simu. Kwa mtu ambaye hajawahi kutuma badiliko lolote, kuliona jina lake limeingia kwenye mradi ni hatua kubwa kuliko unavyofikiri.

2. Panga maelezo kwa mfuatano wa maswali yake

Faili la README ndilo ukumbi wa nyumba yako. Mgeni huingia akiwa na maswali yanayofuatana: hiki ni kitu gani, kinamsaidia nani, nitakiwashaje, nikikwama nimuulize nani, na naruhusiwa kufanya nini nacho. Yajibu kwa mpangilio huo. Historia ya mradi, nembo za wafadhili na orodha ya tuzo zikae chini.

Namna ya kuchangia iweke kwenye faili lake, CONTRIBUTING. GitHub hulitambua faili lenye jina hilo na kumwonyesha kiungo chake kila anayefungua tiketi au kutuma ombi la mabadiliko, kwa hiyo litasomwa hata na asiyelitafuta. Ndani yake taja amri halisi za kuendesha majaribio, mtindo wa kuandika msimbo, na urefu wa muda ambao mtu atarajie kungoja.

Usidhani kwamba kila mtu anajua Git. Programu hiyo, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huwasumbua hata wahandisi wazoefu. Ukurasa mmoja unaoonyesha safari nzima, toka kunakili mradi mpaka kutuma badiliko, una faida kuliko kumwambia mtu akatafute mwenyewe.

Kuhusu lugha, amua na useme. Kama mazungumzo ya mradi ni ya Kiingereza, andika Kiingereza chepesi, bila mizaha ya kwenu. Kisha ongeza sentensi moja: maswali ya Kiswahili yanapokelewa, na yupo wa kuyajibu. Kwa kijana aliyezoea Kikalenjin nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza cha mtihani, sentensi hiyo humwondolea hofu ya kuchekwa. Ukishaiandika itekeleze, kwa maana swali la Kiswahili lisilojibiwa linavunja moyo kuliko kama usingeahidi.

3. Tenga kazi za mwanzo, na uziandike kwa ukamilifu

Miradi mingi hubandika lebo ya "good first issue" kwenye tiketi fupi na kudhani kazi imekwisha. OpenMRS nayo ina tiketi za utangulizi, na wanaotaka kujiunga na mradi huanzishiwa hapo. Lebo ni kibao tu cha kuelekeza njia. Kinachomvusha mtu ni maandishi yaliyo ndani ya tiketi. Linganisha tiketi mbili za hitilafu ile ile. Ya kwanza inasema: "Rekebisha ukaguzi wa majina." Ya pili ni hii:

Kichwa: Fomu ya usajili inakataa majina yenye ritifaa, kama Ng'eno.

Tatizo: Karani akiandika Ng'eno kwenye kisanduku cha jina la ukoo, fomu inasema "herufi si sahihi" na mgonjwa hasajiliwi. Baadhi ya makarani huandika Ngeno ili wapite, halafu mgonjwa akirudi faili lake halionekani.

Namna ya kuliona: Fungua ukurasa wa usajili kwenye seva ya majaribio, andika jina hilo, bonyeza Hifadhi.

Pa kuanzia: Faili lenye kanuni za majina, kwenye kitendaji kinachokagua herufi.

Angalizo: Baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, na kibodi za kompyuta huandika iliyonyooka. Zote mbili zikubalike, na zihifadhiwe kwa namna moja.

Kazi itakuwa imekamilika: Ng'eno, Ng'etich na Ng'ang'a wakisajiliwa, tarakimu zikiendelea kukataliwa, na jaribio la kila jina likiwa limeongezwa.

Ujuzi: JavaScript ya kawaida. Muda: jioni mbili hivi. Wa kuuliza: jina la msimamizi mmoja, aliyekubali.

Kuandika tiketi kama hiyo kunaweza kukuchukua nusu saa, na huenda wewe mwenyewe ungeirekebisha kwa dakika ishirini. Ndiyo maana wengi hawaiandiki. Lakini hiyo nusu saa inanunua mtu, na mtu huyo kesho atakuletea yale ambayo usingeyajua. Lile angalizo la ritifaa mbili limo kwa sababu kuna aliyewahi kuandika majina ya Kikalenjin kwa simu na kwa kompyuta, akaona mgonjwa mmoja akipata mafaili mawili.

Zilinde tiketi hizi. Wasimamizi wazoefu wasizichukue wikendi wanapotaka kazi nyepesi. Mgeni akiomba moja mpe kwa jina, kisha weka kikomo: zikipita wiki mbili bila neno, muulize kwa upole; asipojibu, mwachie mwingine. Bila kikomo utakuta tiketi zote zina wenyewe na hakuna hata mmoja anayefanya kazi.

4. Jibu mapema, hata kama jibu ni la

Mkulima anapofikisha majani kwenye kituo cha kununulia chai, karani huyapima mbele yake na kumpa risiti papo hapo. Majani yakiwa magumu, nje ya kile kipimo cha majani mawili na chipukizi, huambiwa hapo hapo ayachambue. Malipo yenyewe huja baadaye, na bonasi baadaye zaidi, lakini hakuna anayerudi nyumbani bila kujua kama mzigo wake umepokelewa. Ombi la mabadiliko linahitaji karani wa namna hiyo.

Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, waliwahi kuangalia kumbukumbu zao wakaona kwamba wachangiaji waliokaguliwa kazi yao ya kwanza ndani ya saa 48 walirudi kwa wingi, na waliongoja zaidi ya siku 7 karibu hakuna aliyerudi. Takwimu hizo ni za mradi mkubwa wenye watu wa kulipwa, lakini mwelekeo wake utauona hata kwenye mradi wa watu watatu.

Kama huwezi kukagua ndani ya siku mbili, andika angalau kwamba umeliona ombi na utalikagua Jumamosi. Wekeni zamu: wiki hii fulani ndiye mpokeaji, wiki ijayo mwingine. Zamu ya mtu mmoja inashinda jukumu la wote, maana la wote halina mwenyewe.

Jibu lenyewe liweje? "Si sahihi, soma mwongozo" ni mlango uliofungwa. Hili hapa lina urefu wa kutosha:

"Asante kwa kazi hii. Nimeijaribu, Ng'eno anasajiliwa. Limebaki jambo moja: ritifaa ikitoka kwenye simu, jaribio la tatu linaanguka. Iongeze herufi hiyo kwenye orodha iliyo juu ya faili, kisha nitaunganisha. Ukikwama niandikie hapa hapa."

Lina manne: limeshukuru, limeonyesha kwamba mkaguzi ameijaribu kazi, limetaja jambo moja la kubadilisha, na limesema kitakachofuata. Kasoro ndogo za nafasi na mabano ziachie mashine. Programu za kupanga msimbo hufanya kazi hiyo bila kumkera mtu. Ukilazimika kukataa, toa sababu ya kweli, na kama ipo kazi nyingine inayomfaa mtajie. Ukiona badiliko limekaribia na mtu amekwama kwenye kitu kidogo, limalizie mwenyewe na uliache jina lake kwenye rekodi.

5. Angalia saa na mahali pa kuzungumza

Mkutano wa saa tisa mchana huko California huangukia saa saba za usiku Kenya wakati wa kiangazi chao, na saa nane za usiku wakati wa baridi yao. Marekani hubadilisha saa Machi na Novemba, sisi hatubadilishi. Mtu wa Merigi hatahudhuria kikao hicho hata akitaka, na video itamla bando.

Kwa hiyo maamuzi yafanyike kwa maandishi, mahali ambapo atakayeamka kesho anaweza kusoma na kujibu kabla hayajafungwa. Mikutano ikiwepo, izungushwe ili usumbufu wa saa usiwaangukie watu wale wale kila mara, na muhtasari wake uandikwe siku hiyo hiyo. Ukitangaza saa kwa Kiswahili, andika "saa 3 usiku, yaani 21:00, saa za Afrika Mashariki". Bila tarakimu za pili, nusu ya watu watafika saa tisa.

Maswali nayo yaulizwe hadharani. Mgeni huona haya na kumtumia msimamizi ujumbe wa faragha. Mjibu, kisha mwombe ruhusa uliweke swali lake mahali pa wote, kwa kuwa yupo mwingine anayelificha lile lile. Weka pia kanuni za maadili na majina ya watu wawili wa kupokea malalamiko. Contributor Covenant, iliyoandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, imechukuliwa na miradi mingi kama kianzio, nawe unaweza kuitumia. Kanuni zisizo na mtu wa kuzisimamia ni pambo.

6. Hesabu kazi isiyo ya msimbo

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Kiini cha kazi ile kilikuwa istilahi: watu waliokaa wakaamua neno gani litumike kwenye kila kitufe. Bila wao programu ingebaki ya Kiingereza, hata kama msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Common Voice ya Mozilla nayo imekusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wanaosoma sentensi kwa simu zao, na wengi wao hawajawahi kuandika mstari wa msimbo.

Kwa hiyo orodhesha kazi za aina nyingine. Mfasiri wa vitufe. Karani wa hospitali anayejua fomu gani humchelewesha. Muuguzi anayeweza kusema kwamba tarehe kamili ya kuzaliwa haijulikani kwa wazee wengi, na fomu inayoilazimisha inazalisha tarehe za uongo. Mwalimu wa chuo anayeweza kuandika mazoezi. Wape tiketi zao, zilizoandikwa kwa ukamilifu ule ule, na majina yao yaingie kwenye orodha ya wachangiaji sawa na ya waandika msimbo. Kericho kuna Chuo Kikuu cha Kabianga na Bomet kuna chuo kilichoanzishwa kama kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mhadhiri mmoja anayekubali mradi wako kuwa zoezi la muhula atakuletea watu kuliko matangazo ya mwaka mzima.

7. Sema ukweli kuhusu pesa, na uonyeshe ngazi

Kazi ya kujitolea ni nzuri kwa mwenye chakula. Usimfiche mgeni kwamba mradi haulipi, na mwambie mapema atapata nini badala yake: ujuzi, kazi inayoonekana na kila mwajiri, barua yenye maelezo ya alichofanya. Zipo pia njia za kulipwa. Google Summer of Code ilianza mwaka 2005, na tangu 2022 haiwafungii wasio wanafunzi. OpenMRS imeshiriki tangu 2007. Outreachy huwalipa wanagenzi kutoka makundi yaliyobaguliwa au kusahauliwa katika teknolojia. Weka tarehe zao kwenye maelezo yako miezi kadhaa mapema, kwani katika zote mbili humsaidia mtu kuwa ameanza kuzoeana na mradi.

Jihadhari na zawadi za haraka. Mnamo Oktoba 2020 kampeni ya Hacktoberfest, iliyoahidi fulana kwa waliotangulia kutuma mabadiliko manne, iliwamwagia wasimamizi maombi ya ovyo, kama kuongeza neno moja lisilo na maana kwenye README. Waandaaji walilazimika kubadilisha kanuni mwezi huo huo, miradi ikashiriki kwa hiari yake tu. Ukitoa zawadi, itoe kwa kazi iliyokaguliwa.

Mwisho, onyesha ngazi. OpenMRS huwapanga waandika programu kwa hatua, kuanzia /dev/null mpaka /dev/5, na kila hatua ina masharti yaliyoandikwa. Si lazima uige majina hayo. Andika tu: baada ya mabadiliko kadhaa yaliyounganishwa utaweza kupanga tiketi, ukiendelea utakagua kazi za wengine, kisha utapewa ufunguo wa kuunganisha. Mtu asiyeona ngazi hujiona kibarua wa kudumu. Na unapotoa ufunguo, toa kweli. Aliyerekebisha jina la Ng'eno ndiye anayefaa kumkagua atakayefuata kwenye fomu ile.

Wiki hii na miezi mitatu ijayo

Usijaribu yote kwa pamoja. Wiki hii fanya lile jaribio la mashine kuukuu na urekebishe kikwazo kimoja kikubwa kuliko vyote. Andika tiketi tatu za mwanzo kwa mtindo wa ile ya Ng'eno. Teua mtu wa zamu.

Baada ya miezi mitatu hesabu mambo manne: wangapi walituma badiliko lao la kwanza, walingoja siku ngapi kupata jibu, wangapi walituma la pili, na wangapi kati yao wako nje ya ofisi yenu. Nambari ya kwanza ikiwa kubwa na ya tatu ndogo, kasoro iko kwenye sehemu ya nne ya mwongozo huu: rudi kwenye zamu na ukaguzi. Ya kwanza ikiwa sifuri, kasoro iko kwenye sehemu ya kwanza. Chukua tena ile laptopu kuukuu, na safari hii mpe mtu ambaye hajawahi kuuona mradi, kaa kando yake, na usiseme neno mpaka amalize.